Gari la Kifahari Lililozeeka: Ni Sadaka au ni Kutua Mzigo?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wenye asili ya Afrika Mashariki waishio Marekani. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.)



Kwanza kabisa twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana katika nyumba yake, na twamsalia Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. pamoja na aali zake na masahaba zake wote.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa juu juu laonekana dogo, lakini ndani yake mna mafunzo makubwa kuhusu sadaka, amana na ukweli. Tumeulizwa swali na ndugu mmoja katika jamaa yetu. Ndugu huyu anamiliki gari saluni la Kijerumani, la daraja la juu, lenye umri wa miaka zaidi ya ishirini. Viti vyake ni vya ngozi, na milango yake hufunga kwa kishindo kile kizito ambacho wapenda magari wanakijua. Wakati mmoja lilikuwa fahari ya mtaa mzima. Sasa limekaa mbele ya nyumba miezi mingi. Wanawe wanamwambia aliuze. Yeye angependa kulitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ima kwa msikiti ima kwa chama kinachosaidia wenye shida. Lakini moyo wake una wasiwasi. Anauliza: Je, nikilitoa gari hili, nitakuwa nimetoa sadaka, au nitakuwa nimetua mzigo wangu kwenye mabega ya mwingine?

Swali hili limewagawa watu. Wapo wanaosema kwamba maskini hachagui, apewacho ashukuru. Wapo pia wasemao kuwa ni aibu kuleta msikitini kitu ambacho mwenyewe amekichoka. Sisi tunaona kwamba makundi haya mawili yote yamekwenda haraka mno, na kwamba jibu sahihi linahitaji kutazama mafundisho ya dini yetu na pia kutazama hali halisi ya gari lenyewe na sheria za nchi hii.

KIPIMO CHA KITU KINACHOTOLEWA

Imepokewa kutoka kwa Al-Baraa bin Azib r.a. kwamba Answari wa Madina walikuwa na desturi nzuri sana. Ulipofika msimu wa kuvuna tende, kila mmoja alileta vichala kwa kadiri ya mavuno yake na kuvitundika msikitini, ili masahaba mafakiri waliokuwa wakiishi pale wapate kula. Lakini baadhi ya watu ambao hawakuitilia maanani heri hii walileta vichala vyenye tende mbovu, zilizokauka na kuvunjika. Ndipo ikateremka ile aya ya Suratul Baqara inayowakataza waumini wasikusudie kutoa kilicho kibaya katika mali zao, hali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi kipimo hiki kilivyo wazi. Hatukuambiwa tutoe vipya tu. Nguo iliyovaliwa yaweza kuwa nzima na yenye kusitiri, na tende ya jana yaweza kuwa tamu. Tulichokatazwa ni kukusudia kibaya, yaani kuichambua mali yetu, kisha kilichotushinda tukakiita sadaka. Na mwamuzi tumepewa ndani ya nafsi zetu. Mtu ajiweke mahali pa mpokeaji na ajiulize: Lau mimi ndiye nisiye na gari, na mtu akaniletea hili, ningelipokea kwa furaha, au ningefumba macho kwa kuona haya?

Kwa hiyo usemi kwamba maskini hachagui haufai kuwa hoja ya mtoaji. Huenda kweli maskini hana nafasi ya kuchagua. Lakini tajiri anayo, na ndiye atakayeulizwa jinsi alivyochagua. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo huonekana katika namna tunavyochagua cha kutoa, kama vile unavyoonekana katika wingi wake.

FARASI WA SAYIDNA UMAR

Habari iliyo karibu zaidi na swali letu ni ile ya Sayidna Umar r.a., iliyopokewa katika Bukhari na Muslim. Sayidna Umar alimtoa farasi wake katika njia ya Mwenyezi Mungu. Farasi ndiye aliyekuwa kipando cha thamani zama zile. Yule aliyepewa hakumtunza, farasi akadhoofika. Sayidna Umar alipomwona katika hali ile alitaka kumnunua, akidhani kuwa mwenyewe atamwuza kwa bei rahisi. Akaenda kumwuliza Mtukufu Mtume s.a.w. Naye akamkataza asimnunue wala asiirudie sadaka yake, hata kama angeuziwa kwa dirhamu moja tu, na akamfananisha mwenye kuirudia sadaka yake na mbwa anayerudia matapishi yake.

Wengi wetu tunaijua habari hii kwa ajili ya hukumu yake ya mwisho, na hukumu hiyo inahusu magari vilevile. Ukishalitoa gari, usiende mnadani kulinunua tena kwa bei ya chini, wala usimtume mpwa wako akununulie. Lakini upo upande wa pili ambao yatupasa kuutazama. Farasi yule alikuwa wa thamani, na mtoaji alikuwa mtu mwenye nia safi kuliko sisi sote. Pamoja na hayo, farasi alidhoofika mikononi mwa mtu ambaye hakumtunza. Kipando kinakula. Kipando kinataka uangalizi kila siku. Basi mwenye kutoa kipando atazame mambo mawili: ubora wa kipando chenyewe, na uwezo wa anayempa.

TABIA YA GARI LA KIFAHARI LIKIZEEKA

Hapa hatuna budi kuzungumza kidogo lugha ya mafundi. Gari la kifahari likizeeka, bei yake huanguka sana, pengine likauzwa sawasawa na gari dogo la kawaida lenye umri uo huo. Lakini bei za vipuri vyake hazianguki pamoja nalo. Gari lililonunuliwa kwa fedha nyingi litabaki kudai vipuri vya gari la fedha nyingi mpaka siku ya mwisho wake, na fundi anayelijua hutoza ujira wa kazi ngumu.

Tutoe mfano mmoja. Mercedes-Benz S-Class iliyoanza kuundwa mwaka 1998 haikutegemea springi za chuma kama magari mengi, bali ililala juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na pampu. Ilipokuwa mpya, abiria alijihisi kama yumo mashuani siku ya shwari. Mifuko hiyo ikichakaa huvuja, na mwenye gari huamka asubuhi akalikuta limeketi chini kama ngamia aliyepiga magoti. Kubadilisha mifuko na pampu kwaweza kukaribia, na mara nyingine kupita, bei ya gari zima. Hata Lexus LS 400 iliyotoka mwaka 1989, ambayo imesifiwa mno kwa uimara, ina injini ya silinda nane, na mkanda unaoendesha mitambo ya ndani ya injini hiyo hutakiwa kubadilishwa kila baada ya masafa maalumu. Kazi hiyo si ya nusu saa. Kisha katika majimbo ya baridi yako mambo ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, ambayo hula chuma cha chini ya gari pole pole, na mwenye gari asione kitu.

Sasa tufikiri. Yupo mama mjane mwenye watoto watatu. Kazi yake iko umbali wa maili kumi na tano, na huko basi halifiki. Tukimkabidhi saluni hili la fahari, miezi miwili ya kwanza atatuombea dua. Mwezi wa tatu mfuko wa hewa utapasuka. Fundi atamtajia gharama inayozidi mshahara wake wa mwezi. Atachagua kati ya kodi ya nyumba na gari, na akichagua kodi ya nyumba, kazi itapotea. Mafuta nayo, injini ya silinda nane haijui kwamba mwenye nayo ni mjane. Je, mama huyu tumempa gari au tumempa deni? Gari dogo la kawaida, ambalo vipuri vyake vimejaa kila duka, lingemfaa mara nyingi zaidi.

Hii ndiyo maana tunasema kitu kimoja chaweza kuwa sadaka njema kikipelekwa mahali fulani, na kikawa udhia kikipelekwa pengine. Gari lile lile linalomwangamiza mjane laweza kumfurahisha fundi mwenye gereji yake, au mpenda magari ya zamani, ambaye yuko tayari kulinunua kwa fedha taslimu. Na fedha hizo zaweza kumnunulia mjane gari linalomfaa.

DESTURI YA NCHI HII NA SHERIA YAKE

Hapa Marekani kutoa gari kuukuu kwa vyama vya hisani ni desturi iliyoenea sana. Vituo vya redio vya umma, makanisa, vyama vya kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo, vyote hupokea magari. Sababu moja ni ukarimu wa watu. Sababu ya pili ni sheria ya kodi, ambayo humruhusu mtoaji kupunguza thamani ya alichotoa katika kipato chake kinachotozwa kodi.

Zamani sheria hiyo ilikuwa na mwanya mkubwa. Mtoaji alitazama kitabu cha bei za magari, akaandika bei nzuri aliyoiona humo, hata kama gari lake lilikuwa hoi. Mwezi Novemba mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa taarifa yake juu ya jambo hili. Ilikadiria kwamba kwa mwaka wa kodi wa 2000 walipa kodi wapatao 733,000 walidai nafuu kwa ajili ya magari waliyotoa, na kwamba serikali ilikosa kodi ya kiasi cha dola milioni 654. Wakaguzi wakafuatilia magari 54, moja baada ya jingine, tangu kwa mtoaji mpaka mwisho wake. Waligundua kwamba katika theluthi mbili hivi ya magari hayo, chama cha hisani kilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji alikuwa ameidai. Sehemu kubwa ilipotea kwa sababu gari liliuzwa mnadani kwa bei ya chini sana kuliko ile iliyoandikwa, na mara nyingi madalali wa kukusanya na kuuza nao walichukua fungu lao.

Ndugu zangu, hebu tulizingatie jambo hili. Mtu aliandika dola mia, na yatima akapata dola tano au chini yake. Na huenda mtoaji alilala usingizi mzuri akidhani ametoa mia.

Baada ya hapo sheria ilibadilishwa mwaka 2004, na mabadiliko yakaanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2005. Tangu wakati huo, mtu anayedai zaidi ya dola 500 kwa gari ambalo chama kimeliuza tu, hawezi kudai zaidi ya bei ambayo gari liliuzwa. Chama humpa hati, fomu 1098-C, ndani ya siku 30 baada ya mauzo, inayoonyesha bei hiyo, naye huiambatanisha na hesabu zake za kodi. Likiuzwa chini ya dola 500, aweza kudai thamani yake halisi ya sokoni isiyozidi dola 500. Anaruhusiwa kudai thamani kamili ya sokoni katika hali chache tu: chama kilitumie gari hilo chenyewe kwa kazi yake kwa kiasi kikubwa, mfano kupeleka chakula kwa wenye shida kila siku kwa mwaka mzima, au kilitengeneze matengenezo makubwa yanayoliongezea thamani, ambapo kupaka rangi na kuosha hakuhesabiwi, au kimpe mtu mwenye shida, ama kimwuzie kwa bei ya chini sana kuliko ya soko, ikiwa kusaidia watu wa namna hiyo ndiyo kazi ya chama.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba nafuu hii humfaa tu yule anayeorodhesha makato yake moja moja. Asiyeorodhesha huchukua kato moja la jumla, na kato hilo lilikuzwa karibu mara mbili kuanzia mwaka 2018, likafika dola 12,000 kwa mtu mmoja na dola 24,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Tangu hapo walipa kodi wengi mno hawaorodheshi tena. Kwa hiyo huenda ndugu anayetoa gari kwa tamaa ya kodi asipate hata senti. Basi heri atoe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tokea mwanzo, kwani malipo ya kwake hayana fomu wala kiwango cha mwisho.

NJIA TATU NA HESABU ZAKE

Ndugu mwenye gari ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni kuliuza mwenyewe na kutoa fedha. Tuseme gari lake, likiuzwa kwa mtu anayelipenda, litaleta dola 2,400. Akizipeleka zote msikitini, msikiti umepata 2,400 kamili. Na kwa kuwa gari la matumizi ya nyumbani lililouzwa chini ya bei lilikonunuliwa halina faida, hatatozwa kodi kwa mauzo hayo. Kazi yake ni kutangaza, kujibu simu na kupatana bei. Kazi hiyo nayo ni sehemu ya sadaka yake.

Njia ya pili ni kukabidhi gari kwa chama kinachotumia dalali. Gari lile lile, kwa kuwa huuzwa upesi na bila maelezo, tuseme litauzwa mnadani kwa dola 1,500. Litolewe gharama ya kuvutwa, ada ya mnada na fungu la dalali, huenda chama kikabakiwa na dola 700. Na angalieni jambo la ajabu: hati ya kodi itasema 1,500, kwa maana sheria hutazama bei ya mauzo kabla ya gharama. Karatasi ya mtoaji itasoma 1,500 na sanduku la mayatima litasoma 700. Hatusemi kwamba njia hii ni haramu au ni mbaya daima. Mzee asiyeweza kuhangaika na wanunuzi, au mwenye gari lisilowaka kabisa, yamfaa. Lakini aulize kwanza: Katika kila dola ya mauzo, chama chenyewe hupata senti ngapi? Chama cha kweli hakitaona vibaya kuulizwa.

Njia ya tatu ni kulitoa ili litumike. Vipo vyama vinavyofanya kazi hii kwa ustadi. Good News Garage, iliyoanzia mji wa Burlington katika jimbo la Vermont mwaka 1996, na Vehicles for Change, iliyoanza Maryland mwaka 1999, hupokea magari, huyakagua na kuyatengeneza, kisha huyafikisha kwa familia zenye kipato kidogo ili ziweze kufika kazini. Njia hii ni nzuri sana kwa gari la kawaida lililo zima. Kwa saluni la kifahari lililozeeka, mwacheni fundi wa chama aamue. Akisema linafaa kuuzwa ili fedha zitengeneze magari mawili madogo, msimkasirikie.

Hapo tumkumbuke Abu Talha r.a., aliyekuwa na mitende mingi kuliko Answari wenzake wa Madina. Shamba alilolipenda zaidi lilikuwa Bairuha, lililoelekeana na msikiti, na Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Ilipoteremka aya ya Surat Aali Imran inayofundisha kwamba wema haufikiwi mpaka mtu atoe katika avipendavyo, Abu Talha alikuja kulitoa shamba lile, na akamwachia Mtume aliweke atakapoona panafaa. Mtume s.a.w. akalisifu, kisha akamshauri awagawie jamaa zake wa karibu. Abu Talha akafanya hivyo bila kusita. Alitoa alichokipenda, na hakung'ang'ania kuamua peke yake kitumikeje. Mambo hayo mawili ndiyo adabu ya mtoaji.

UKWELI WA MANENO NA WA TARAKIMU

Yapo mambo mengine yanayoambatana na sadaka hii, nasi tutayataja kwa ufupi.

La kwanza, semeni kasoro za gari. Mtukufu Mtume s.a.w. alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani akakuta umajimaji, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akatangaza kujitenga na mwenye kughushi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa muuzaji, vipi kwa mwenye kutoa sadaka? Andikeni katika karatasi: breki zilibadilishwa lini, taa ipi ya onyo inawaka, mafuta yanavuja wapi. Breki zilizochoka zisizotajwa zaweza kuua mtu.

La pili, msiandike bei ya uongo kwa Idara ya Mapato. Kupata nafuu iliyoruhusiwa na sheria hakuharibu sadaka, maadamu nia ni njema. Lakini kutia uongo katika jambo la heri ni sawa na kutia mchanga katika unga. Wala msiombe mweka hazina wa msikiti awaandikie barua yenye thamani asiyoijua.

La tatu, msihesabu gari hili kuwa ndiyo zaka yenu ya mwaka. Zaka ina mali zake, viwango vyake na watu wake. Mwenye kudaiwa zaka ya fedha zake aitoe, kisha sadaka ya gari iwe juu ya hiyo.

La nne, kabidhini hati ya umiliki kwa utaratibu kamili. Jazeni jina la chama katika hati, msiiache wazi. Iarifuni ofisi ya usajili wa magari ya jimbo lenu kwamba gari limeondoka mikononi mwenu, na ondoeni vibao vya namba pale sheria ya jimbo inapotaka. Gari likipata ajali au faini likiwa bado kwa jina lenu, mtajuta, na majuto hayo hugeuka kuwa masimbulizi juu ya sadaka, jambo ambalo Qur'ani Tukufu imetuonya kwamba hubatilisha malipo yake.

WAJIBU WA KAMATI ZA MISIKITI

Nanyi wajumbe wa kamati, neno letu kwenu ni hili. Si kila kinacholetwa lazima kipokelewe. Gari likiegeshwa katika uwanja wa msikiti bila bima na bila mpango, litakuwa kiota cha panya na chanzo cha fitina. Kabla ya kulipokea ulizeni: Nani atalikagua? Bima italipwa kwa fungu gani? Nani ataruhusiwa kuliendesha? Tukiliuza, kwa siku ngapi, na fedha zitaingia mfuko upi? Majibu yaandikwe. Asipatikane mjumbe anayelitumia gari la waumini kwa safari zake, wala anayejiuzia kwa bei ya kindugu. Na ikibidi kukataa, kataeni kwa upole, mkimwonyesha mtoaji njia iliyo bora. Kumwambia mtu aliuze mwenyewe alete fedha si kumdharau. Ni kuilinda sadaka yake isiliwe njiani.

JE, TULIPELEKE NYUMBANI?

Wapo wenye huruma wanaofikiri kulisafirisha gari mpaka kwetu, wakaipatie madrasa au zahanati. Huruma hiyo twaiheshimu, lakini magari ya hapa yana usukani kushoto, na Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia. Kenya hairuhusu magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto, wala yaliyozidi umri wa miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 15. Ongezeni nauli ya meli, ushuru na gharama za bandari. Fedha hizo peke yake zingejenga darasa au kuchimba kisima. Liuzeni huku, fedha zivuke bahari.

MSINGOJE LIKATE ROHO

Mwisho tungependa kumjibu ndugu yetu moja kwa moja. Ndiyo, gari lako laweza kuwa sadaka, na sadaka njema. Unalipenda bado, na hilo ni jambo jema kwa mtoaji. Lakini linakaa bure, na kila mwezi linaokaa linapungua. Betri inakufa, matairi yanapasuka, mafuta ya breki yanaingia unyevu, kutu inasonga mbele. Leo lina thamani ya dola elfu mbili na ushei. Baridi mbili zikipita litabaki chuma chakavu. Ardhi ya Khaybar ambayo Sayidna Umar r.a. aliifanya wakfu ilibaki, na mazao yake yakaendelea kuwafikia wahitaji. Gari si ardhi. Ukitaka heri yake idumu, ligeuze upesi liwe kitu kinachodumu.

Mtukufu Mtume s.a.w. aliulizwa sadaka ipi ina malipo makubwa zaidi, akaeleza kwamba ni ile anayoitoa mtu angali mzima, anayapenda mali, anauogopa umaskini na kutumaini utajiri, asiyengoja mpaka roho ifike kooni ndipo aanze kugawa. Tunaona mafunzo hayo yanahusu pia roho ya hicho kinachotolewa. Toa gari lingali linawaka. Toa nguo ingali na vifungo. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani. Kikishaoza, hakuna jina zuri la kukifukiza, hata jina la sadaka.

Basi nenda kwa fundi mwaminifu, jua kasoro zake, liuze kwa ukweli kwa anayeliweza, na thamani yake ulete kwa wenye haki. Ikiwa huna nguvu za kuliuza, likabidhi kwa chama ulichokiuliza na kuridhika nacho. Kisha lisahau. Ukiliona siku moja barabarani likiendeshwa na mwingine, mwombee salama upite zako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotoa katika wavipendavyo, azitakase nia zetu kutokana na ria na masimbulizi, azilinde sadaka zetu mpaka ziwafikie wanaozihitaji, na azikubali kwa fadhili zake. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.